Griti inapimwaje, na kwanini alama yako haisemi unachodhani inasema

Kuna vile vipimo vya mtandaoni vinavyozunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, unabonyeza linki, unajibu maswali nane au kumi na mbili, alafu unapewa namba, 2.9 au 3.6 au 4.1 kati ya 5, na chini yake umeandikiwa kwamba hiyo ndio griti yako, yaani kiwango chako cha kung'ang'ania jambo mpaka mwisho. Aliyepata 4.1 anapongezwa kuwa ni mpambanaji wa kweli. Aliyepata 2.9 anauliza kwa unyonge kama hii maana yake yeye ni mvivu, na kabla hajajibiwa vizuri anatokea mtu anasema kipaji sio kitu, akili sio kitu, wanasayansi wameshathibitisha kwamba anayetoboa ni anayekomaa tu, kwahiyo kama hujatoboa tatizo ni wewe.

Hiyo sentensi ya mwisho inaumiza watu na inanikera, kwasababu nyuma yake kuna utafiti wa kweli kabisa uliofanywa na watu makini, ila umebebeshwa mzigo ambao haukutengenezwa kuubeba, na hata walioanzisha kipimo chenyewe wamesema hivyo hadharani. Kwahiyo tuende taratibu.

Griti kama kitu cha kupimwa imetokea Marekani. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Angela Duckworth wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake watatu walitoa utafiti ambao ndani yake waliieleza griti kuwa ni kung'ang'ania na kuwa na shauku kwenye malengo ya muda mrefu. Ukiangalia hapo kuna vitu viwili na watu wengi wanakumbuka kimoja tu. Cha kwanza ni juhudi, kwamba ukikwama hurudi nyuma, unakaza. Cha pili ni msimamo wa shauku, kwamba kile unachokitaka mwaka huu ndio utakachokuwa bado unakitaka baada ya miaka mitano, hurukiruki. Pia isichanganywe na kujizuia. Kujizuia ni mambo ya leo jioni, kuweka simu pembeni usome wakati wenzako wako TikTok, lakini griti ni habari ya miaka, na mtu anaweza kuwa nayo moja akakosa nyingine.

Wazo lenyewe ni la zamani. Francis Galton huko Uingereza aliandika mwaka 1869 kwamba watu waliofika mbali walikuwa na uwezo ukichanganyika na ari na nguvu ya kufanya kazi nyingi, alafu mwaka 1926 Catharine Cox akachambua maisha ya watu 301 maarufu wa historia akakuta kuendelea bila kuchoka ni moja ya vitu vinavyowatofautisha. Alichofanya Duckworth ni kuligeuza hilo wazo kuwa dodoso fupi ambalo mtu analijaza kwa dakika chache. Na kila mtu akaweza kulitumia, hapo ndipo uzuri wake ulipo na hapo hapo ndipo shida ilipoanzia.

Namba inatoka wapi

Dodoso la kwanza la 2007 lilikuwa na sentensi kumi na mbili, mwaka 2009 Duckworth na Patrick Quinn wakalifupisha likabaki na nane. Kila sentensi unaijibu kwa kuchagua moja kati ya ngazi tano, kuanzia "hivi ndivyo nilivyo kabisa" mpaka "mimi siko hivyo hata kidogo". Sentensi nne ni za juhudi, kwa mfano kwamba wewe ni mchapakazi, kwamba unamaliza unachokianza, kwamba kukwama hakukukatishi tamaa. Nne nyingine ni za shauku nazo zimeandikwa kwa upande wa kinyume, kwa mfano kwamba mawazo mapya huwa yanakutoa kwenye yale ya zamani, au kwamba mara nyingi unajiwekea lengo kisha unaamua kufuata lingine, au kwamba unapata shida kubaki na kazi inayochukua zaidi ya miezi michache. Kwenye hizi za kinyume ukisema hivi ndivyo nilivyo kabisa unapewa 1, ukisema siko hivyo unapewa 5. Unajumlisha zote unagawa kwa 8, basi, hiyo ndio alama yako.

Sasa tuseme yupo Mwanaidi. Huyu alianza na vitumbua, akahamia mitumba, sasa hivi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa, na kote huko anaamka saa kumi alfajiri na haachi kitu njiani kwa uvivu. Kwenye juhudi anapata 5, 5, 4 na 4, jumla 18. Kwenye shauku, kwasababu kweli amebadilisha badilisha, anapata 2, 2, 3 na 2, jumla 9. Ukijumlisha ni 27, gawa kwa 8 unapata kama 3.4. Alafu yupo Juma, fundi seremala, hajawahi kufikiria kazi nyingine maishani ila anafanya kwa mwendo wa kawaida, akichoka anafunga. Juhudi 3, 3, 4, 3, jumla 13, shauku 4, 3, 4, 3, jumla 14. Nayo ni 27. Nayo ni 3.4.

Kwahiyo watu wawili wasiofanana kabisa wametoka na namba moja. Na hili halitokei kwa Mwanaidi na Juma tu ambao nimewabuni hapa. Mwaka 2017 Marcus Credé wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa na wenzake wawili walikusanya tafiti zilizokuwepo, zenye watu 66,807 kwa jumla, wakazichambua kwa pamoja, na moja ya mambo waliyoyakuta ni kwamba zile nusu mbili haziungani vizuri kuwa kitu kimoja kama ilivyodaiwa, na nusu ya juhudi ndio inayohusiana zaidi na matokeo ya mtu shuleni au kazini kuliko ile ya shauku. Ina maana ukimpa Mwanaidi 3.4 na kuishia hapo umemficha, kwasababu upande wake wenye uzito zaidi ni ule aliopata 18.

Kila mtu ana kisado chake

Hapa ndipo penye kiini cha yote kwa maoni yangu, na ndipo pasipoelezwa. Dodoso halipimi ulichofanya. Linapima unachojionea. Ukiulizwa kama wewe ni mchapakazi lazima kichwani ujilinganishe na kitu, mchapakazi kuliko nani? Unajilinganisha na wanaokuzunguka, hakuna mwingine wa kujilinganisha naye. Ni kama soko ambalo kila muuzaji amekuja na kisado chake kutoka nyumbani, kingine kikubwa kingine kidogo, wote wanasema nauza maharage visado vitatu, alafu wewe unachukua zile "tatu" zao unaanza kuzilinganisha kana kwamba ni kilo.

Hili limeonekana wazi sana huko Boston. Mwaka 2016 Martin West na wenzake, Duckworth mwenyewe akiwa mmoja wao, walitoa utafiti wa wanafunzi wa darasa la nane kwenye shule za jiji lile. Kuna shule pale ambazo zina nidhamu kali na masomo mengi, na nafasi zake zinagombaniwa mpaka wanafunzi wanapatikana kwa bahati nasibu, jambo ambalo kwa mtafiti ni zuri maana waliopata na waliokosa hawatofautiani kwa kuanzia. Waliopata nafasi kwenye hizo shule alama zao za mitihani zilipanda. Lakini kwenye dodoso la griti na la kujizuia walijipa alama za chini. Mtoto anasoma zaidi, anafaulu zaidi, ila anajiona mvivu zaidi, kwasababu sasa amezungukwa na wanaosoma mpaka usiku na kisado chake kimekuwa kikubwa.

Fikiria sasa hiyo hapa kwetu. Mwanafunzi wa shule yenye ushindani mkubwa, anayelala saa sita usiku, anaweza kuandika kwamba yeye juhudi zake ni za wastani, na mwingine ambaye ndiye pekee kijijini kwao aliyefika kidato cha nne akaandika yeye ni mchapakazi kabisa, na wote wawili wamesema ukweli wao. Ukizichukua hizo namba mbili ukasema huyu ana griti kuliko yule, umelinganisha visado.

Kuna na jambo la kutaka kuonekana vizuri. Kama unajaza kwa ajili yako mwenyewe, hakuna sababu ya kudanganya. Kama unajaza kwenye maombi ya kazi au ya ufadhili wa masomo, kila sentensi inakuonyesha jibu zuri ni lipi, hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuliona. Anayeadhibiwa hapo ni mwaminifu.

Ile habari ya wanajeshi

Ushahidi unaotajwa zaidi kwenye kila video ni wa chuo cha kijeshi cha West Point huko Marekani. Pale kuingia kwenyewe ni kazi, na ukishaingia unaanza na mafunzo ya kiangazi ya wiki kama saba yanayoitwa Beast, yaani mnyama, na jina linajieleza. Kundi lililoanza mwaka 2004 lilijaza dodoso la griti, watu 1,218, na mpaka mafunzo yanaisha 71 walikuwa wameondoka. Chuo kilikuwa na alama yake kubwa ya kuchagulia wanafunzi inayochanganya mitihani, uongozi na nguvu za mwili, na hiyo alama haikuweza kusema vizuri nani ataondoka. Griti ikaweza. Hii ni kweli na inastahili heshima yake.

Lakini angalia namba kwa makini. 71 kati ya 1,218 ni kama asilimia 6, maana yake asilimia 94 walibaki hata hivyo. Huko mtandaoni imekuwa ikizunguka kwamba wenye griti ya juu walikuwa na uwezekano wa kumaliza zaidi kwa asilimia 99. Mtu akisikia hivyo anaelewa ni karibu mara mbili, anafikiri kwamba kama wasio na griti wanamaliza nusu basi wenye nayo wanamaliza wote. Sivyo. Credé na wenzake walieleza kwamba kwa mtu mwenye griti ya wastani nafasi ya kumaliza ilikuwa kama 95 kwa 100, na kwa aliyezidi wastani vya kutosha, tuseme yule anayeshika nafasi ya kumi na sita kwenye watu mia, ilikuwa kama 98 kwa 100. Tofauti ni watu watatu kwenye mia.

Ile 99 ilitoka wapi basi? Ilitoka kwenye odi, na wanaobeti watanielewa haraka. Odi hazihesabu wangapi wamebaki kwenye mia, zinahesabu wangapi wamebaki kwa kila mmoja aliyeondoka. 95 kwa 5 ni sawa na 19 kwa 1. Ukizidisha mara mbili unapata 38 kwa 1, na hiyo ukiirudisha kwenye mia ni kama watu 97 au 98. Yaani pale ambapo karibu kila mtu anafaulu, odi zinaweza kuwa mara mbili huku waliobadilika ni wachache tu. Hakuna aliyedanganya kwenye hesabu, ila ikishatolewa kwenye jedwali ikawekwa kwenye posti inageuka kuwa kitu kingine kabisa.

Mwaka 2019 Duckworth na wenzake walirudi na data kubwa zaidi ya West Point, wanafunzi 11,258 kwa miaka kumi, na matokeo yao yanatakiwa yamalize ule ubishi wa griti dhidi ya akili. Kumaliza yale mafunzo ya kiangazi, griti ilikuwa inatabiri vizuri. Alama za darasani, uwezo wa akili ndio ulitabiri vizuri zaidi. Kumaliza miaka minne na kuhitimu, griti na uwezo wa mwili vilisaidia kuliko akili. Kila kimoja na sehemu yake. Kwahiyo anayekwambia wanasayansi wamethibitisha akili sio kitu, huo utafiti wenyewe wa mama wa griti unasema hapana.

Nje ya jeshi namba zinapungua zaidi. Kwenye ule uchambuzi wa 2017 uhusiano kati ya griti na matokeo ya shule ulikuwa 0.18, kwenye kipimo ambacho 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni vinaenda pamoja kabisa. Ukiuzidisha kwa wenyewe kama wanavyofanya watakwimu unapata kama asilimia 3 ya tofauti za wanafunzi, na asilimia 97 zinatokana na mambo mengine. Mwaka 2016 watafiti wa King's College London wakiongozwa na Kaili Rimfeld waliangalia mapacha wa miaka 16 huko Uingereza, zaidi ya 4,600, na wakakuta ukishapima zile tabia kubwa tano ambazo wanasaikolojia wamekuwa wakizipima miaka mingi, griti inaongeza nusu ya asilimia moja tu kwenye kueleza matokeo yao ya mtihani. Na hii inatuleta kwenye lawama nyingine kubwa, kwamba moja ya hizo tabia tano, ile ya kuwa mtu makini anayewajibika, mwenye mpangilio na anayemaliza kazi, inaenda pamoja na griti kwa 0.84. Hiyo ni karibu kitu kilekile. Wapo wanaosema griti ni chupa mpya ya mvinyo wa zamani, Duckworth anajibu kwamba ni ya ukoo mmoja ila ina msisitizo wa muda mrefu zaidi. Mimi naona wote wana hoja, ila kwa mtu wa kawaida cha kujua ni kwamba hakijagunduliwa kiungo kipya cha mwili.

Akhwari na Bikila

Kila mazungumzo ya kutokata tamaa Tanzania lazima yafike kwa mzee wetu John Stephen Akhwari, na ni haki yake. Olimpiki ya Mexico 1968, marathoni, goti limeumia na kufungwa bandeji, anaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia, giza limeingia, na anamaliza. Alipoulizwa kwanini hakuacha akajibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule kuanza mbio, ilimtuma kumaliza. Mtanzania yeyote akisikia hilo jibu kuna kitu kinamshika.

Lakini kwenye mbio zilezile walianza wanariadha 75 na wakamaliza 57. Mmoja wa wale waliotoka njiani alikuwa Abebe Bikila wa Ethiopia. Yule Bikila aliyeshinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 akikimbia pekupeku, akashinda tena Tokyo 1964. Mexico alikimbia akiwa ameumia mguu, akafika kama kilomita 17 akasimama. Sasa nani atasimama mbele za watu aseme Bikila alikosa griti? Ukimpima kwa siku ile moja ndio utasema hivyo, ukimpima kwa miaka yake ni mmoja wa watu waliokomaa kuliko wote waliowahi kukimbia.

Ndio maana mtu akiacha kitu kimoja, biashara moja, kozi moja, hiyo peke yake haikupi taarifa ya griti yake. Inabidi ujue aliacha nini, kwanini, na alikuwa anaelekea wapi. Tena kuna utafiti wa 2015 wa Gale Lucas na wenzake ambao ulikuta upande wa pili wa kung'ang'ania, watu wenye griti ya juu walipopewa mafumbo ya maneno ambayo mengine hayafumbuliki walikwama kwenye yale magumu wakaishia kujaribu machache kwa jumla, na kwenye kazi nyingine waliendelea hata walipokuwa wanashindwa na kuendelea kulikuwa na hatari ya kuwapotezea pesa. Kwahiyo "usiache kamwe" sio ushauri wa kisayansi. Mwenye duka ambalo kila mwezi linakula mtaji wa familia anahitaji mtu wa kukaa naye na daftari la hesabu, sio klipu ya kumwambia akaze buti.

Na hapa nataka kurudi kwa Mwanaidi, kwasababu ile nusu ya shauku inanisumbua kuliko kitu kingine chochote kwenye hili dodoso. Linauliza kama unabadilisha malengo kana kwamba kubadilisha ni udhaifu wako wa ndani. Kwa mtu mwenye mshahara na bima hilo linaweza kuwa swali zuri. Kwa mama ambaye bei ya unga na mafuta ya kupikia imepanda mpaka vitumbua havilipi, kuhamia kitu kingine ndio kumpambania mtoto wake abaki shule. Lengo lake ni lilelile tangu miaka kumi iliyopita, watoto wasome, kilichobadilika ni njia. Dodoso halioni hilo, linaona mtu anayerukaruka. Hata watafiti wa Ufilipino wakiongozwa na Jesus Alfonso Datu walikuta kwa watu wao ile nusu ya shauku haisemi sana, na wakapendekeza kuongeza kitu cha tatu, uwezo wa kujirekebisha kulingana na hali. Mtu yeyote aliyekulia mazingira ambayo mipango inavunjwa na mvua au na msiba wa ghafla ataelewa kwanini walifikiria hivyo.

Kuna njia nyingine za kupima?

Zipo, na zinafikirisha. Moja ni kuacha kumuuliza mtu na badala yake kumtazama akifanya. Brian Galla na wenzake, Duckworth akiwemo, mwaka 2014 walitoa kazi ya kompyuta ambayo skrini imegawanyika, upande huu hesabu rahisi za kutoa zinazochosha, upande ule video au gemu, na mwanafunzi ameambiwa hesabu zitamsaidia kujifunza ila yuko huru kuchagua. Wanahesabu muda aliokaa kwenye hesabu na ngapi amefanya. Hapo hakuna kisado cha mtu, dakika ni dakika kwa wote. Tatizo lake ni kwamba inapima dakika chache na sio miaka, na mtoto aliyekuja bila kunywa chai asubuhi ataonekana hana bidii.

Huko Istanbul nako Sule Alan na wenzake waliwapa watoto wa shule za msingi chaguo, kazi ngumu yenye zawadi nne au rahisi yenye zawadi moja, na wakaangalia baada ya kushindwa mtoto anarudi kwenye ngumu au anakimbilia rahisi. Baadhi ya shule, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, walimu wake walikuwa wamefundishwa namna ya kuongea na watoto kuhusu makosa na juhudi, na watoto wa shule hizo walirudi kwenye ngumu zaidi na matokeo yao ya hesabu yakapanda. Utafiti ulichapishwa 2019. Naupenda huu kwasababu unajibu na swali la kama griti ni ya kuzaliwa nayo tu. Wale mapacha wa Uingereza walionyesha kuna sehemu inarithiwa, takriban theluthi moja ya tofauti kwenye juhudi, lakini sehemu inayobaki ni kubwa na mwalimu anaweza kuigusa. Tena anayebadilika kwanza ni mwalimu, mtoto anafuata.

Njia ya tatu ni kuangalia kumbukumbu. Mtu amekaa kwenye kwaya, timu au kazi fulani kwa miaka mingapi na je kuna hatua alipiga humo ndani, alianza kama mwanachama akawa kiongozi? Hii ni ngumu kudanganya, ila inawapendelea waliozaliwa mahali penye kwaya na timu na muda wa kuhudhuria. Binti anayerudi kutoka shule akachote maji, apike na kumbeba mdogo wake hana cheti cha kuonyesha, na amefanya hivyo kila siku kwa miaka bila kukosa.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki kuna kazi inayofanana na hii ambayo inastahili kujulikana zaidi, mradi wa ALiVE uliofanyika Tanzania, Kenya na Uganda, ukipima stadi za maisha na maadili kwa vijana wa miaka 13 mpaka 17. Hawakupima griti moja kwa moja, walipima kujitambua, kutatua matatizo, kushirikiana na heshima. Kilichonivutia ni kwamba hawakuchukua dodoso la nje wakatafsiri, walianza kwa kuwauliza wazazi, walimu na vijana wenyewe hizo stadi wanazielewaje, alafu wakatengeneza visa vya maisha ya kawaida ambavyo kijana anasimuliwa na kueleza angefanyaje. Inachukua muda na pesa nyingi kuliko kusambaza linki. Ila unapata kitu kinachowahusu watu uliowapima.

Kwahiyo hiyo 2.9 ufanye nayo nini

Kwanza itenganishe. Rudi kwenye majibu yako uhesabu juhudi peke yake na shauku peke yake, kila upande gawa kwa nne. Kama juhudi iko juu na shauku iko chini huna shida ya uvivu hata kidogo, una swali la mwelekeo, na huenda jibu ni kwamba mazingira yanakulazimisha au kwamba bado hujakutana na kitu chako, hasa kama una miaka ishirini na kitu. Kwenye data za 2007 waliokuwa na umri mkubwa walikuwa na alama za juu kuliko vijana, na ingawa ule utafiti haukuweza kusema kama ni umri unaomkomaza mtu au ni kizazi tofauti, angalau usijihukumu kwa kulinganishwa na mtu wa miaka sitini.

Pili jiulize wakati unajibu ulikuwa unajilinganisha na nani. Kama ni yule rafiki yako anayefanya kazi mbili na kusoma jioni, namba yako imetoka ndogo kwasababu yake. Ukitaka kurudia baada ya miezi kadhaa jilinganishe na wewe wa mwaka jana, hapo angalau kisado ni kimoja.

Na kama ni mwajiri, mwalimu au msimamizi wa ufadhili unayefikiria kuliweka hili dodoso kwenye fomu ili uchuje watu, tafadhali usifanye hivyo. Mwaka 2015 Duckworth na David Yeager waliandika kwa kirefu kwanini vipimo hivi havijafikia kiwango cha kutumika kumhukumu mwanafunzi, mwalimu au shule, na mwaka 2016 baadhi ya wilaya za shule huko California zilipokuwa zinaingiza vipimo vya tabia za aina hii kwenye kupima shule, Duckworth aliandika gazetini kupinga. Mwenye kipimo amekataa kisitumike hivyo. Kama unataka kujua mwombaji anakaa kwenye kazi, piga simu kwa aliyefanya naye kazi miaka miwili umuulize mambo yalipoharibika alifanya nini, alafu muulize mwombaji mwenyewe swali hilohilo.